Daftari Nililokujazia

Mama Ndanu,

Kabla hujauliza: ndiyo, kiti chako nimempa mtu. Niliapa mbele ya soko zima kwamba kitakaa wazi mwaka mzima, nikakifunika leso, wenzetu wakanisifu kwa upendo wangu. Nilidumu wiki sita. Mteja mwenye nywele nyingi hangojei matanga yangu yaishe, na mkono mmoja haulei mwana. Sasa anakikalia Moraa, mama wa Kisii mwenye vidole vyepesi kuliko vyako, ukweli usemwe, na mdomo mpana kuliko wangu. Moraa akikasirika, hata wachoma nyama wa upande wa pili wanajua. Juzi mteja alimwambia matuta yamepinda. Akalia, akajipangusa, akacheka, akayafumua na kuyarudia, yote hayo kabla chai yangu haijapoa. Nilimtazama nikakukumbuka wewe.

Imekuwa miezi saba tangu tukuzike. Leo ni Jumatatu, sokoni hakuna watu, kwa hivyo nimebaki nyumbani Kinoo. Ndanu yuko shule. Nina jambo zito la kukuambia na jingine nililotumwa, na unanijua, nisipoanza kwa porojo sitafika.

Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja, na sehemu kubwa ya miaka hiyo sikuutazama uso wako. Nilitazama mikono yako. Wewe kushoto kwa mteja, mimi kulia, kila mmoja akianzia kisogoni na kupanda hadi tukutane utosini. Ndivyo tunavyosuka Kenyatta Market, kichwa kimoja wasusi wawili, na watatu mteja akiwa na haraka. Na aliyemaliza upande wake kwanza anavuka, anamsaidia mwenzake kumalizia. Hakuna kuombwa, hakuna asante. Mteja anatoka bila kujua rasta ipi ilisukwa na nani, na sisi wawili tulijivunia hilo kuliko kitu chochote. Hata mimi nikikitazama kichwa tulichosuka, sikuweza kusema mkono wangu umeishia wapi na wako umeanzia wapi.

Lakini ukiulizwa hali, ulijibu kwa viungo. Mama yako alipofariki ulirudi kutoka kwenu Masii siku ya nne, ukavaa aproni, nikakuuliza unaendeleaje. Ukasema, "Mgongo tu. Ni ile basi." Nikakuamini, maana basi huvunja mgongo kweli. Ndanu alipokuwa wa kwanza darasani, ukashikwa na kichwa siku mbili. Nilikutania wiki nzima kwamba wewe ndiye mtu pekee Nairobi ambaye furaha inamlaza kitandani. Ulicheka, ukameza tembe mbili, ukaendelea kusuka. Mfuko wa aproni yako ulikuwa duka la dawa: za kichwa, za tumbo, za mgongo, na zile nyekundu ambazo hatukujua ni za nini lakini zilifanya kazi. Wenzetu wakakubandika jina Mama Dawa. Mtu akiumwa alianzia kwako, na hukuwahi kumnyima yeyote.

Nataka ujue kwamba sikuwahi kudhani unaficha. Mimi ni mfichaji, najua sura yake. Mfichaji huangalia pembeni. Wewe ulinitazama machoni, ukafikiri kabisa, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba, kisha ukasema, "Sijui, Mama Brayo. Ni tumbo." Hukuwa unanidanganya. Ulitafuta na hukuona kitu.

Unamkumbuka yule mteja wetu wa Lavington, aliyekuwa akitutumia gari Jumamosi? Siku ile alianza kulia tukiwa tumefika katikati ya kichwa. Mume alikuwa amehama, amebeba mpaka viatu vya mvua. Alilia huku tukisuka, akatusimulia yote, halafu akakugeukia wewe, si mimi, akauliza, "Wewe Mwikali, ungekuwa ni wewe ungeskia aje?" Ukasema, "Sijui, madam." Ukaendelea kugawa nywele, mstari umenyooka kama wa rula. Tulipotoka, askari akafunga lango nyuma yetu, ukafika kwenye ule ua wa jirani, ukainama, ukatapika hadi nikaogopa. Nilikushika kiuno. Nikakununulia soda, nikakuambia ni yale maharagwe ya asubuhi.

Siku nne baadaye Ndanu aliniambia, kwa njia ya mtoto anayesimulia habari za kawaida, kwamba baba yake ameondoka na televisheni. Ilikuwa wiki ile ile, Mama Ndanu. Ulikuwa umesimama juu ya kichwa cha mwanamke aliyeachwa, nawe umeachwa juzi yake, na hukujua kwamba kinachopanda kooni mwako ni kitu kimoja na kilichokuwa kinamtoka yeye machoni. Nilipokuuliza kwa nini hukuniambia, ulishangaa kweli. Ulisema, "Ningesema nini? Ameenda. Si ameenda tu."

Halafu wakaja wale wauguzi waliopiga hema karibu na lango la soko kupima watu presha bure. Tulienda kwa utani, ili tupumzishe miguu. Muuguzi alikupima mara tatu, akaita mwenzake, akakupima tena. Alikuuliza kama kichwa kinauma, ukasema kinauma tangu mwaka juzi, kwa sauti ya mtu anayetaja mahali anapoishi. Wakakutuma kliniki ya mjini, ghorofa ya nne, lifti haifanyi kazi, na mtu wa presha anapandishwa ngazi zote hizo. Tulicheka tukipanda. Daktari akakupa dawa za kumeza kila siku, akakuuliza kuhusu usingizi, kuhusu nyumbani, kuhusu mwili, na kila alipouliza ulimwonyesha mahali. Hapa. Hapa. Na hapa. Akaandika kikaratasi akakupeleka chumba cha pili, kwa mshauri nasaha, Bi. Akoth.

Bi. Akoth ndiye aliyekupa daftari. La jalada la kijani. Kila jioni uandike mambo matatu: nini kimetokea leo, mwili umesikia nini, na hisia yenyewe ni ipi. Uwe unamletea kila baada ya wiki mbili.

Sasa nimefika kwenye lile zito.

Uliniletea lile daftari siku ya tatu. Tulikuwa tumemaliza kichwa cha mwisho, tunafagia nywele. Safu mbili za kwanza ulikuwa umejaza vizuri. Mteja kutoka Rongai. Shingo, mabega. Safu ya tatu ilikuwa nyeupe, siku zote tatu, na karatasi ilikuwa imechakaa pale kwa kufutwa. Ukaniuliza, na sitasahau ulivyouliza, bila aibu hata kidogo, "Mama Brayo, leo nilikuwa naskia aje?"

Ungeniuliza rasta zimekatikia wapi nisingekujibu kwa wepesi kama ule. Niliketi, nikachukua kalamu, nikasema, hebu tuone. Leo ulikasirika, kwa sababu yule mteja alichelewa saa mbili. Ukasema, "Nilikasirika?" Nikasema ulikasirika sana. Jana ulikuwa na huzuni kwa sababu ya mama yako. Juzi mvua ilinyesha, ukafurahi. Nikajaza safu yote, nikiiga mwandiko wako. Uliitazama ukatabasamu kama mtu aliyeona kichwa kimekamilika. Nilikuwa nimemaliza upande wangu, Mama Ndanu, nikavuka nikamalizia na wako. Hata sikufikiri. Ndivyo tulivyofanya kila kitu.

Tuliendelea hivyo wiki sita. Ikawa mchezo wetu wa jioni. Nilitia huzuni mahali pake, furaha mahali pake, woga kidogo ili isionekane imetungwa. Nilikuwa fundi. Na nilipokosa cha kuandika niliweka yangu. Ile huzuni ya mama ilikuwa ya mama yangu mimi. Ule woga wa Jumapili jioni ni wangu, nimekuwa nao tangu mwanangu Brayo aende Nakuru. Vitu ambavyo sijawahi kumwambia mtu niliviandika pale chini ya jina lako, na nikalala vizuri wiki zote hizo. Hilo nimelijua baadaye na limenitia aibu kuliko yote. Dawa ya daftari ilifanya kazi, ila aliyepona ni mimi.

Bi. Akoth alifurahi. Alikuambia umepiga hatua kubwa, urudi baada ya miezi mitatu. Siku ile uliingia sokoni unang'aa, ukapitia kwa wachoma nyama, ukaja na mbavu kwenye ubao na kachumbari ya pilipili nyingi. "Kula, mwalimu," uliniambia. Nami nikala. Nilikula ile nyama kwa furaha na nikalamba vidole.

Ile Alhamisi sitaisimulia yote, maana ulikuwepo. Nitasema upande wangu tu. Tulikuwa na msichana aliyekuwa msimamizi wa harusi kesho yake, anataka rasta ndogo ndogo, anatazama simu kila dakika. Kwenye saa tisa ulikung'uta mkono wa kushoto, ukasema, "Mkono umelala." Ukajaribu tena kushika nywele, zikakuponyoka. Nilikuwa nimekuzoea, Mama Ndanu. Mgongo, kichwa, tumbo, sasa mkono. Nikakuambia nenda nyuma ukajinyooshe, nitakumalizia. Ulienda ukalala kwenye benchi nyuma ya pazia, kichwa juu ya gunia la nywele. Nilikuuliza mara moja tu, bila kugeuka, kama uko sawa. Ulijibu, "Ni mkono tu." Nikasuka upande wangu, nikavuka, nikasuka wako. Saa moja na nusu. Msichana alitoka amependeza. Nilipofungua pazia ulikuwa unanitazama, mdomo umeenda upande, unatafuta neno, na safari hii hukupata hata la kiungo.

Ulikaa hospitali siku mbili. Jumamosi asubuhi ukaenda. Daktari alisema ni kiharusi, presha ilikuwa imekula mishipa kwa miaka. Nilimwuliza kuhusu ile saa moja na nusu. Alisema hawezi kujua ingebadilisha nini, lakini kwa kiharusi kila dakika ni muhimu. Alisema kwa upole. Ningependa angenifokea.

Nyumbani kwako nilikuta dawa za presha kwenye droo, pakiti zote nzima isipokuwa moja. Nilikasirika, halafu nikaelewa. Presha yenyewe haikuwa imekuuma mahali. Na wewe, kitu kisichouma, ungekinywea dawa ya nini? Chini ya pakiti kulikuwa na daftari.

Nililiweka kabatini miezi miwili. Kisha nikalibeba hadi mjini, nikapanda zile ngazi, nikaliweka mbele ya Bi. Akoth nikamwambia safu ya tatu niliiandika mimi. Hakulifungua. Aliangalia jalada. Halafu akasema, "Na mimi nilimpongeza. Sikumwambia hata siku moja anisomee ukurasa kwa mdomo wake." Alikuwa na machozi. Tukawa wanawake wawili wenye kosa moja, meza katikati.

Nilimwuliza kama nimekuua. Niliuliza hivyo hivyo, bila kupamba. Alifikiri kwanza, nikamheshimu kwa hilo. Akasema hapana, presha ina mizizi mingi, ukoo, chumvi, kazi ya kusimama, kutomeza dawa, na hakuna mtu anayeweza kusema kimya ndicho kilichokuua. Lakini, akasema, nilikusaidia mahali ambapo hukutakiwa kusaidiwa.

Kisha akanieleza, na ninakuandikia kwa sababu wewe mwenyewe hukuwahi kuelezwa vizuri. Kuna watu wengi kama wewe. Hawana roho ngumu, wala hawakosi hisia. Wanazo kama sisi, ila hawazitambui zinapofika, na hawana jina la kuziita. Sasa hasira ikija, moyo unaenda mbio, shingo inakaza, tumbo linavurugika, usingizi unakata, na mwenyewe anachokiona ni moyo na shingo na tumbo. Anatibu hivyo. Anameza dawa za maumivu mwaka baada ya mwaka, na hizo nazo, zikizidi, zinaharibu tumbo na kupandisha presha. Na kwa kuwa kila kitu kwake ni maumivu tu, siku mwili unapolia kwa jambo kubwa kweli, linasikika kama yale mengine. Hata kwa wanaomzunguka. Niliposikia hapo nikaomba maji.

Nilimwuliza mtu wa namna hiyo anasaidiwaje. Akasema unaanzia pale pale alipo, kwenye mwili. Unamwuliza wapi, inafanana na nini, ilianza nini kikitokea. Kisha unangoja. Akasema kungoja ndiyo kazi, na ndiyo ngumu, kwa sababu sisi wenye maneno tunaona huruma tunampa ya kwetu.

Nilidhani nimekuja kuungama tu. Kumbe nilikuwa nahitaji mafunzo, maana Ndanu wako ameanza kuumwa tumbo.

Dada yako Masii alikubali abaki nami hadi amalize shule ya msingi, asihamishwe katikati. Baba yake hapatikani kwa simu. Basi analala kitanda cha Brayo, anakula vizuri, anafanya kazi za shule, ananiita Auntie, hanisumbui kwa lolote. Hapo lilipaswa kuniingia akilini. Mtoto aliyefiwa na mama yake na hasumbui mtu, ni wa kuangaliwa. Mwezi wa tatu tangu uende, mwalimu akaanza kupiga simu. Tumbo. Nikampeleka kliniki ya hapa Kinoo, wakasema typhoid, maana Nairobi kila tumbo ni typhoid hadi lijitetee. Akameza dawa. Tumbo likarudi. Kliniki ya pili wakasema minyoo. Akameza. Likarudi. Na mimi nyumbani nikaanza kumpa kitu kidogo kila akilalamika, kutoka wapi unadhani? Kutoka kwenye aproni yako. Nilikuwa sijazitoa mfukoni zile dawa zako. Naapa siku niliyojiona nikiingiza mkono mle, nilikaa chini sakafuni. Vyote nimevipeleka kwa mwenye duka la dawa akavitupe.

Daktari wa tatu alikuwa mwanamke kijana, amechoka, hana mchezo. Alimbonyeza tumbo akamwuliza linauma aje. Nikasema linamkata. Akamwuliza linaanza saa ngapi. Nikasema asubuhi. Akaweka kalamu chini akanitazama, "Mama, kwani hii tumbo ni ya nani?" Nikashika mkoba kama abiria. Akamwuliza Ndanu, siku gani? Mimi ningesema siku yoyote. Ndanu akasema, "Alhamisi."

Miezi miwili ya simu za mwalimu, na mimi sikuwa nimeona kwamba ni Alhamisi.

Jana, Jumapili, tulitoka kanisani, nikamweka kwenye kigoda uani, penye jua, kati ya nguo za majirani, nimfumue nywele. Nilianza kisogoni. Nilimwuliza tumbo likianza linaanzia wapi. Akaonyesha chini ya kifua. Nikauliza linafanana na nini. Akasema, "Kama mtu amefunga kitu na kamba." Nikauliza ni kama nini tena. Akanyamaza.

Mama Ndanu, nilikuwa na maneno mdomoni. Huzuni, woga, upweke, yote yamejipanga, ningeweza kumchagulia moja zuri. Niliuma ulimi. Nikafumua rasta moja, nyingine, nyingine, upande mzima. Mama wa nyumba ya pili akaja akaanua shuka zake akaenda. Nilikuwa nimefika karibu na sikio la kulia aliposema, bila kugeuka, "Nimekasirika."

Sikuuliza upesi. Nikafumua mbili zaidi. Nikasema, na nani?

"Na Mum."

Akasema ulimwahidi Alhamisi jioni mngeenda kununua viatu vya shule. Alikungoja kwenye lango la shule na mkoba mgongoni hadi askari akamwuliza kama ana mtu. Akasema asubuhi ile ulikuwa umeamka unashika kichwa, akakuuliza kama uko sawa, ukamwambia uko sawa. Akasema, "Hakuwa sawa. Na mimi nilijua hakuwa sawa. Aliniambia uwongo." Nilitaka kukutetea. Nilitaka kumwambia hukuwa unadanganya, ulitafuta hukuona kitu, nimeshakueleza. Lakini hilo ni la siku nyingine, na hasira ni ya kwake, haikuwa yangu kuirekebisha. Nikasema, sawa. Nimeskia.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, Mama Ndanu, hadi mtoto wa jirani akatoka kuangalia. Alilia kama Moraa.

Baadaye nikiwa namchana aliniuliza kama inawezekana kukuambia. Nikamwambia nitakuandikia. Akageuka kwa mara ya kwanza, nywele zimesimama nusu kichwa, akanikazia macho yako yale yale. "Lakini usiandike kama kwa ile kitabu ya green." Nilishtuka. Kumbe alikuwa amelisoma, zamani, kabla hujafa. Akasema, "Hiyo haikuwa Mum. Mum hakuwa anapenda mvua."

Kweli. Hukupenda mvua. Ninayependa mvua ni mimi. Nilisuka nawe miaka kumi na mmoja, na mtoto wa miaka kumi na mmoja alikujua kuliko mimi.

Sitakuambia tumbo limepona. Alhamisi haijafika. Pengine litauma, pengine kwa muda mrefu, na likiuma tutarudi kwa yule daktari asiye na mchezo, kwa sababu tumbo linaweza pia kuwa tumbo. Ijumaa ataanza kwenda kwa Bi. Akoth. Nami ninaenda, chumba kile kile, saa tofauti, na ninajaza daftari langu kwa jina langu. Linanishinda. Kumbe kumwandikia mtu mwingine ni rahisi.

Mimi mwenyewe, ukiniuliza leo nasikia aje, nimekukosa. Nimekukosa mikononi hasa, ninaponyoosha kidole kupokea nywele kutoka upande wako na zinakuja kabla sijawa tayari. Nina hatia ambayo Bi. Akoth anasema itapungua, na sina haraka nayo. Nimekukasirikia kidogo kwa zile dawa za droo. Na ninakupenda, neno ambalo tulikuwa tunamwambia mteja aliyelipa vizuri na hatukuwahi kuambiana.

Lala salama, Mwikali. Mwanao atasoma, atavaa viatu vinavyomtosha, na nyumbani kwangu akiulizwa hali yake hakuna atakayemjibia. Desemba tutakuja Masii, tutakusomea hii kaburini.

Hapa chini nimemwachia Ndanu nafasi, mistari sita. Akitoka shule nitampa kalamu nitoke nje. Amesema ana lake la kukuambia na hataki nilione. Akijaza, sawa. Asipojaza, nitaikunja hivyo hivyo nikuletee.

Wako,
Mama Brayo